Bahasha ya Tabora

Mtoto mmoja wa mjini Tanga alipenda sana kukusanya stempu. Alikuwa na daftari la stempu za nchi nyingi, na kila alipopata nyingine alifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani. Siku moja wakati wa likizo bibi yake alimwita amsaidie kupanga vitu katika sanduku la zamani. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, mtoto akaona bahasha kuukuu, rangi yake imekuwa kama ya kahawa, na pembe yake moja imeliwa na wadudu. Ndani hamkuwa na barua. Lakini juu yake palikuwa na stempu nyekundu yenye sura ya mfalme, na stempu ile ilikuwa imepigwa chapa herufi tatu: G.E.A.

Mtoto akakimbia kuleta mkasi. Bibi alipomwona akamwuliza, "Mkasi huo wa nini, mjukuu wangu?"

"Nataka kuikata stempu hii, bibi, niitie katika daftari langu. Bahasha yenyewe imechakaa, haina kazi tena."

Bibi akaichukua bahasha, akaiweka mapajani pake, akasema, "Bahasha hii imenizidi mimi umri. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa na Wadachi kuwa mpagazi wa vita, naye hakusikika tena. Miaka ikapita. Mama yake akaamini ya kuwa mwanawe amekufa, akakaa matanga. Hata siku moja ikaja bahasha hii. Barua ililiwa na mchwa zamani, lakini bahasha haikutupwa, maana ndiyo iliyoondoa msiba nyumbani. Alama hizi mimi sizijui maana yake. Ipeleke kwa mwalimu wako, umwulize. Kisha ukiona bado wataka kukata, rudi uniambie."

Shule ilipofunguliwa mtoto akaipeleka, ameiweka ndani ya kitabu isikunjike. Mwalimu akaitazama mbele na nyuma, wala hakusema neno kwa kitambo. Kisha akawaambia wanafunzi ya kwamba bahasha ile ni shahidi, kama shahidi wa barazani. Walakini shahidi huyu ana lugha yake, na hapana budi kujifunza lugha hiyo kabla ya kumwuliza maswali. Basi akawafundisha mambo haya.

Zamani stempu hazikuwako. Katika nchi ya Uingereza posta ilikuwako, lakini mara nyingi aliyelipa ada ni yule aliyepokea barua, si yule aliyeipeleka. Ada ilikuwa kubwa, nayo iliongezeka kwa urefu wa safari na kwa wingi wa karatasi. Maskini wengi walishindwa kupokea barua za jamaa zao kwa kukosa fedha. Ndipo mtu mmoja, jina lake Rowland Hill, akatoa shauri ya kwamba anayepeleka barua alipe kwanza, tena alipe kidogo, na ada iwe sawa kwa mwendo mrefu na mwendo mfupi. Shauri hilo likakubaliwa, na mwezi wa Mei mwaka wa 1840 ikatolewa stempu ya kwanza ya kubandika duniani. Ilikuwa nyeusi, yenye sura ya Malkia Victoria, na thamani yake ilikuwa peni moja.

Basi stempu ni hati ya kuonyesha ya kuwa ada imekwisha kulipwa. Nayo hupigwa muhuri ili isitumiwe mara ya pili. Muhuri huo aghalabu huonyesha mambo mawili, jina la mji na tarehe. Kwa hiyo stempu peke yake hueleza ni serikali gani iliyoitoa, lakini stempu pamoja na muhuri juu ya bahasha hueleza barua ilitoka wapi, ilikwenda wapi, na lini.

Katika Afrika Mashariki barua za kwanza zilichukuliwa na matarishi na misafara, au na majahazi. Mwaka wa 1875 palikuwa na posta ya Serikali ya India katika mji wa Unguja, na stempu zilizouzwa hapo zilikuwa za India. Mwaka wa 1890 Wadachi, yaani Wajerumani, walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo. Stempu zao za kwanza zilikuwa za kwao Ulaya, zenye hesabu ya fedha ya huko. Lakini watu wa pwani walihesabu kwa rupia na pesa, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Kwa hiyo mwaka wa 1893 stempu za Kidachi zikapigwa chapa ya pili juu yake, ikionyesha thamani kwa pesa. Tangu mwaka wa 1901 zikaja stempu zenye picha ya meli ya mfalme wao. Mwaka wa 1905 hesabu ikageuzwa, rupia ikagawanywa katika heller 100, na stempu nazo zikaandikwa hivyo. Watu wakalitamka neno lile "hela." Rupia zile hazitumiki tena, wala heller zake, lakini mpaka leo mtu akitaja fedha husema pesa au hela. Maneno hayo mawili yaweza kusomwa juu ya stempu za wakati ule.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1914 ikaanza Vita Kuu. Manowari za Waingereza zikalinda pwani, na meli za kuleta vitu kutoka Ujerumani zikazuiwa. Mambo mengi yakapungua katika nchi, na stempu pia. Huko Vuga, katika milima ya Usambara, misheni ya Kiinjili ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa vitabu. Mwaka wa 1916 mtambo huo ukapewa kazi isiyo ya kawaida yake, kupiga chapa stempu. Zikafanywa stempu za namna tatu: za heller mbili na nusu, za heller saba na nusu, na za rupia moja. Lakini kabla hazijatolewa kwa watu, meli moja ya Wadachi iliyoitwa Marie iliupenya ulinzi wa Waingereza, ikafika Sudi, kusini ya Lindi, mwezi wa Machi 1916, na stempu za desturi zikapatikana tena. Stempu za Vuga zikawa hazina kazi. Majeshi ya Waingereza yalipokaribia, zikafukiwa ardhini zisitekwe. Baada ya vita zilifukuliwa, zikapelekwa Ujerumani kuuzwa kwa wakusanyaji, lakini nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu.

Kila jeshi lililoingia katika nchi lilileta stempu zake. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa cha Mafia, maana walikitaka kwa ajili ya kuipiga manowari ya Wadachi, Königsberg, iliyojificha katika milango ya mto Rufiji. Stempu za Kidachi walizozikuta wakazipiga chapa jina la Mafia na herufi G.R., yaani za Mfalme George. Mwaka wa 1916 Wareno waliitwaa Kionga, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Wakachukua stempu za Lourenço Marques, mji ambao sasa ni Maputo, wakazipiga chapa jina la Kionga. Jeshi lililotoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, lilitumia stempu za huko zilizopigwa chapa N.F. Wabelgiji walitoka Kongo, wakaingia Ruanda na Urundi, wakafika Tabora mwezi wa Septemba 1916. Stempu zao za Kongo zilipigwa chapa kwa Kifaransa na Kiholanzi, kutangaza ya kuwa nchi imekaliwa na Wabelgiji. Mwisho, mwaka wa 1917, Waingereza walizipiga stempu za Afrika Mashariki na Uganda chapa G.E.A., herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Afrika Mashariki ya Wadachi. Hizo zilitumika mpaka mwaka wa 1922, zilipotolewa stempu mpya zenye kichwa cha twiga na jina la Tanganyika.

Mtu akizipanga stempu hizi kwa tarehe zake, aweza kuona jinsi vita vilivyotembea juu ya nchi, kutoka pwani mpaka maziwa, na kutoka mpaka wa kusini hata katikati.

Vita vya pili, vilivyoanza mwaka wa 1939, navyo viliacha alama zake. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia, wakapelekwa Madagaska mwaka wa 1942, na baadaye Burma. Katika Somalia, iliyokuwa imetekwa kwa Waitalia, stempu za Uingereza zilitumika tangu mwaka wa 1943 zikiwa na chapa E.A.F., yaani majeshi ya Afrika Mashariki. Bahasha za miaka ile mara nyingi zina kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni. Maana yake barua ilifunguliwa na mkaguzi, akaisoma asije mtu akataja habari za kumfaa adui, kisha akaifunga tena. Posta za jeshi nazo zilipewa namba badala ya jina la mji, ili bahasha ikipotea isionyeshe mahali jeshi lilipo. Askari asiyejua kuandika alimwomba mwenziwe amwandikie, na mama asiyejua kusoma alimwomba mwalimu au karani amsomee.

Walipokwisha kujifunza hayo, mwalimu aliiweka bahasha mezani, wanafunzi wakaanza kumwuliza shahidi wao.

Kwanza waliitazama stempu. Chapa G.E.A. iliwaambia ya kuwa barua haikupelekwa kabla ya mwaka wa 1917. Kisha wakautazama muhuri. Nusu yake ilikuwa juu ya stempu, na nusu juu ya bahasha. Wakasoma polepole: Tabora, tarehe 22 Januari 1919. Mtoto aliyeileta akanyamaza, maana aliona ya kuwa kama angalikata, mkasi ungalipita katikati ya tarehe ile. Nyuma ya bahasha palikuwa na mihuri miwili mingine: Dar es Salaam, tarehe 25 Januari, na Tanga, tarehe 2 Februari. Kwa hiyo barua ilishuka kwa reli mpaka pwani, kisha ikaenda Tanga, ikawa njiani siku kumi na moja.

Baadaye wakatazama maandiko. Anwani ilikuwa kwa herufi za Kizungu, mwandiko mzuri wa karani. Nayo ilitaja jina la mwenye duka, ambaye barua ingepita mkononi mwake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mwingine. Mwalimu akaeleza ya kuwa mstari wa juu ulikuwa kwa ajili ya watu wa posta, na mstari wa chini kwa ajili ya watu wa nyumbani, maana siku zile watu wengi wa pwani waliosoma walisoma kwa herufi hizo.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mbona vita vilikwisha mwaka wa 1918, naye yuko Tabora mwaka wa 1919?"

Mwalimu akafurahi kwa swali hilo. Akaeleza ya kuwa vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Wadachi lililokuwa likizunguka chini ya Lettow-Vorbeck lilikuwa limekwisha pita Msumbiji, likaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Likaweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba. Askari na wapagazi wake Waafrika wakapelekwa Tabora, wakawekwa kambini, na wengi wakafa kwa homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka ule. Waliopona waliachwa waende kwao.

"Basi," akasema mwalimu, "bahasha yasema ya kuwa barua ya mtu huyu ilipelekwa Tabora siku ile. Haisemi ya kuwa alitoka Abercorn. Hilo ni wazo letu, nalo lapatana na habari za vita na maneno ya bibi. Mwenye kukusanya vitu vya kale hana budi kutenga mambo hayo mawili: lile ambalo shahidi amelisema, na lile tunalolidhani."

Kisha akawakumbusha jambo lingine. Katika vita vile pande zote zilichukua wapagazi, nao walikuwa mamia ya maelfu. Waliitwa kubeba vyakula na risasi mahali pasipo reli wala barabara. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kwa jeshi la wapagazi wa Waingereza. Lakini mtu akifungua mikusanyo mikubwa ya bahasha za vita vile, barua nyingi atakazoziona ni za maofisa, za mapadre na za wafanya biashara. Wapagazi wengi hawakujua kuandika, wala hawakuwa na fedha ya stempu, na jamaa zao walikaa kungoja habari isiyokuja. Stempu ile nyekundu ilitolewa kwa wingi, wala thamani yake sokoni si kubwa. Bali bahasha nzima ya mpagazi, yenye mihuri yake na mstari wa watu wa nyumbani, ni adimu kuipata.

Tena mwalimu akawafundisha jinsi ya kutunza. Stempu iliyo juu ya bahasha ya kale isikatwe, wala isiloweshwe majini. Bahasha isibandikwe kwa gundi, bali iwekwe ndani ya karatasi safi, mahali pakavu, mbali na jua, mchwa na wadudu walao karatasi. Mikono iwe safi na mikavu. Maelezo yaandikwe kwa penseli juu ya karatasi nyingine: imepatikana wapi, imetolewa na nani, na mwenyewe amesema nini. Kuhusu barua iliyo ndani, hiyo ni siri ya watu, nayo haisomwi mpaka wenyewe watoe ruhusa.

Mwenye kukusanya ajihadhari pia na wadanganyifu. Chapa ya herufi tatu ni rahisi kuigiza, na stempu ya bei ndogo yaweza kufanywa ionekane kuwa ya bei kubwa. Dawa yake ni kulinganisha tarehe. Bahasha yenye stempu ya twiga na muhuri wa mwaka wa 1919 haiwezi kuwa ya kweli, kwa kuwa stempu ya twiga ilikuwa haijatolewa. Kadhalika chapa G.E.A. na muhuri wa mwaka wa 1915. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichojazwa kwa uongo hakina faida.

Jioni ile mtoto alirudi nyumbani, akamwamkia bibi yake, akampa bahasha yake nzima kama alivyoichukua. Pamoja nayo alikuwa na karatasi, ameandika yote waliyoyaona. Akamsomea, "Tabora, tarehe 22 Januari 1919. Tanga, tarehe 2 Februari."

Bibi akasema, "Soma tena hiyo ya Tanga."

Akasoma tena.

"Nilisimuliwa tu ya kuwa ilikuja siku moja," akasema bibi. "Sasa najua ni siku gani. Baba yangu alizaliwa mwaka wa 1921." Akaikunja karatasi ya mjukuu wake, akaiweka pamoja na bahasha ndani ya kitambaa, akafunga sanduku. Mtoto akaurudisha mkasi mahali pake.

MASWALI

1. Kabla ya mwaka wa 1840, ni nani aliyelipa ada ya barua mara nyingi katika Uingereza? Ni hasara gani iliyopatikana kwa desturi hiyo?
2. Maneno "pesa" na "hela" yanahusianaje na stempu za zamani za nchi hii?
3. Kwa nini stempu za Vuga hazikutolewa kwa watu? Eleza mambo yaliyozipata.
4. Taja chapa nne zilizopigwa juu ya stempu wakati wa Vita Kuu ya 1914, na useme kila moja ilitumika wapi au na nani.
5. Bahasha ya Tabora ilieleza mambo gani kwa hakika? Ni jambo gani ambalo wanafunzi walilidhani tu?
6. Kwa nini ni vigumu kupata bahasha za wapagazi wa vita?
7. Waulize wazee wa nyumbani kwenu kama kuna barua au bahasha ya zamani. Kwa ruhusa yao, andika majina ya miji na tarehe zinazosomeka katika mihuri yake.